Don Hutson: mpokeaji aliyewalazimu walinzi kukaba wawili wawili

Mtu anayetazama mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza, awe Walukuba mjini Jinja au Namakwekwe mjini Mbale, huona wanaume ishirini na wawili wenye kofia ngumu wakigongana kwa sekunde chache, kisha filimbi inapulizwa na kila kitu kinaanza upya. Kinachomponyoka ni kile kinachotendeka mbali na mgongano huo, pembeni mwa uwanja, ambako mtu mmoja anakimbia na mwingine anamfuata. Huko ndiko mechi nyingi za siku hizi zinakoamuliwa. Ukifuatilia chimbuko la mkimbizano huo, utafika katika mji mdogo wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, mwaka 1935, kwa kijana mwembamba aliyeitwa Don Hutson.

Hutson alifariki dunia mwaka 1997. Alicheza misimu 11 tu, na alipoondoka uwanjani alikuwa amedaka pasi nyingi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia, tena kwa tofauti ambayo katika michezo huonekana kwa nadra sana. Wataalamu wengi humhesabu kuwa mpokeaji wa kwanza wa kisasa. Hata hivyo, misimu yake yote 11 ilichezwa katika kipindi ambacho ligi yake haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na maisha ya mtu huyu hayasimuliki sawasawa likitajwa moja na kuachwa jingine.

Kwanza mchezo wenyewe. Wapenzi wa raga wa Jinja, waliozoea kuwatazama Hippos wakicheza Dam Waters, watauelewa upesi, kwa kuwa mpira wa Kimarekani ulizaliwa kutokana na raga. Mpira una umbo lile lile la yai, na lengo ni lile lile la kuuvusha mstari wa mwisho wa mpinzani. Wanachokiita tachidauni ni ndugu wa trai, nayo huleta pointi sita na nafasi ya kuongeza moja kwa teke. Lakini kuna tofauti mbili kubwa. Katika mpira wa Kimarekani timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10, na kila jaribio hupangwa kabla halijaanza. Tofauti ya pili ndiyo iliyomwinua Hutson: katika raga ni marufuku kurusha pasi mbele, ilhali Wamarekani waliiruhusu mwaka 1906. Kwa miaka mingi baadaye pasi hiyo ilikuwa kama dawa ya dharura, hutumika timu inapokwama. Makocha waliamini kwamba mwanamume hubeba mpira mikononi na kupenya katikati ya watu.

Sheria zikabadilika polepole. Hadi mwaka 1933, katika ligi ya kulipwa, yaani NFL, mrushaji alitakiwa awe yadi tano nyuma ya mahali mpira ulipoanzia ndipo aruhusiwe kurusha. Mwaka huo kizuizi hicho kiliondolewa, na muda mfupi baadaye mpira wenyewe ukapunguzwa unene ili ushikike vizuri kwa mkono mmoja. Mlango ulikuwa wazi. Aliyekosekana ni wa kuupitia.

Donald Montgomery Hutson alizaliwa tarehe 31 Januari 1913 huko Pine Bluff, jimbo la Arkansas, mji wa pamba na wa karakana za reli. Msikilizaji wa Mbale au Jinja aliyekulia karibu na stesheni ataukisia mji wa namna hiyo: king'ora cha karakana, vumbi la makaa, na vijana wanaocheza chochote kinachopatikana jioni. Hutson alikuwa skauti, na alijulikana mtaani kwa kufuga nyoka. Alipenda zaidi besiboli na mpira wa kikapu, na mpira wa Kimarekani aliuingia akiwa amechelewa. Pine Bluff ulikuwa pia mji uliogawanywa kwa rangi kwa mujibu wa sheria, na watoto weusi wa rika lake walisoma katika shule zao, ng'ambo ya mstari ambao hakuna aliyehitaji kuuchora chini.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Alabama, nacho kilikuwa cha wazungu peke yao. Alikuwa na urefu wa zaidi ya futi 6 na uzito wa takriban kilo 83, mwepisi kwa kazi ya kugongana. Lakini alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.7, mwendo ambao enzi hizo ulikuwa wa wanariadha wa kweli. Tarehe 1 Januari 1935, katika mechi mashuhuri ya Rose Bowl kule California, Alabama iliifunga Stanford 29-13. Hutson alidaka pasi sita kwa jumla ya yadi 165, na mbili kati yake zikawa tachidauni. Waandishi wa habari walimpa jina la Swala wa Alabama. Jina hilo lilimkaa vyema, kwani swala haendi mbio moja kwa moja: hukata kulia, hukata kushoto, na simba hubaki akikumbatia upepo.

Kilichofuata ni kisa ambacho Wamarekani hawachoki kukisimulia. Timu mbili zilimtaka, Green Bay Packers na Brooklyn Dodgers, na Hutson akatia saini mikataba ya zote mbili. Mikataba yote ikatumwa kwa posta kwa Joe Carr, rais wa ligi. Carr aliamua kwamba mkataba wenye muhuri wa posta wa mapema zaidi ndio halali. Inasemekana wa Green Bay uliutangulia mwenzake kwa dakika 17.

Dakika hizo zilikuwa na uzito. Brooklyn haikuwa timu ya pasi, na huenda huko Hutson angekuwa mkimbiaji mwembamba wa kusukumana na wanaume wazito kuliko yeye, hadi goti lake liishe. Green Bay ilikuwa na Curly Lambeau, mwanzilishi na kocha wa timu, mmoja wa wachache walioipenda pasi ya mbele kwa moyo wote. Ilikuwa pia na Arnie Herber, aliyeweza kurusha mpira mbali kuliko walivyozoea mabeki wa wakati ule.

Mji wenyewe unastahili neno moja. Green Bay leo una watu wapatao 100,000, kiasi kinachokaribiana na cha Mbale katika sensa ya 2014. Hata hivyo una timu katika ligi tajiri kuliko zote duniani, kwa sababu Packers haina tajiri mmoja anayeimiliki. Tangu mwaka 1923 ni mali ya wenye hisa wa kawaida, wasiopata faida yoyote ila fahari. Wapenzi wa klabu za mikoani hapa Uganda, waliozoea kuona wachezaji wao bora wakihamia Kampala, watajua kwa nini ninalitaja jambo hili.

Tarehe 22 Septemba 1935 Packers iliwakaribisha Chicago Bears. Bears walijua kuwa Green Bay wana mpokeaji hatari, Johnny McNally, aliyeitwa kwa jina la uchezaji Johnny Blood, na macho yao yalikuwa kwake. Katika jaribio la kwanza kabisa la Packers, Herber alirudi nyuma karibu na mstari wake mwenyewe wa goli. McNally akatimka upande mmoja na mabeki wakavutwa naye. Upande wa pili Hutson alianza kwa mwendo wa kawaida, kisha akaongeza kasi ghafla na kumpita mlinzi wake. Mpira ukamkuta akikimbia peke yake. Yadi 83, karibu mita 76, tachidauni. Mechi ikaisha 7-0. Hakuna bao jingine lililopatikana siku ile, na kwa miaka 11 iliyofuata hakuna timu iliyomwacha Hutson peke yake kwa hiari yake.

Hapa inafaa tusimame, maana ndipo ulipo mchango wa mtu huyu. Kabla yake mpokeaji alikimbia mbele, akageuka, akatumaini. Hutson alizikata mbio zake vipande vipande. Alikwenda hatua kadhaa moja kwa moja kumkabili beki, akaelekea ndani kana kwamba anakata katikati ya uwanja, na beki alipogeuza kiuno kumfuata, Hutson akabadili tena na kutoka nje. Au alikwenda mbele kwa kasi, akasimama ghafla na kurudi hatua mbili kuupokea mpira huku beki akiteleza kumpita. Mara ya tatu alifanya vile vile, ila aliposimama alikuwa anatania: beki akakimbilia kuuwahi mpira wa karibu, naye Hutson akaondoka tena. Sisi tungeziita chenga. Tofauti ni kwamba chenga hizi zilipangwa. Mrushaji alijua tangu mwanzo ni hatua ya ngapi Hutson angegeuka, kwa hiyo aliuachia mpira kabla hajageuka. Mpira ulikuwa angani tayari wakati beki bado anajiuliza. Mlinzi hakushindana tena na miguu ya mtu mmoja, alishindana na mapatano ya watu wawili yaliyofanywa mazoezini siku nyingi kabla ya mechi.

Kwa Kiswahili mbio hizo tumezoea kuziita njia, na neno linatosha. Sehemu kubwa ya njia zinazokimbiwa leo kila Jumapili hutajwa kuwa ni zake, au ni watoto wa zake. Kuna simulizi kwamba katika mechi dhidi ya Cleveland Rams aliukimbilia mlingoti wa goli, ambao siku hizo ulisimama juu ya mstari wenyewe, akaukamata kwa mkono mmoja na kuzunguka nao kama mtoto anavyozunguka mti, mlinzi akapitiliza, naye akaudaka mpira. Iwe ilikuwa hivyo hasa au imetiwa chumvi, inaonyesha mabeki walivyojihisi mbele yake.

Walinzi walijibu vipi? Jibu la zamani lilikuwa mtu kwa mtu: wewe wako huyu, mimi wangu yule. Kwa Hutson halikutosha. Jibu la pili lilikuwa kumwekea watu wawili, mmoja akimkaba kwa karibu, mwingine akisubiri nyuma kuziba njia ndefu. Baadhi ya timu zilimwekea hata watatu. Kocha yeyote wa kandanda ya kawaida pale Bugembe anaijua hesabu inayofuata. Timu ina watu 11. Ukipeleka wawili kwa mmoja, kuna mmoja wa upande wa pili aliyebaki bila mtu. Ukipeleka watatu, umefungua uwanja. Kutokana na tatizo hilo ndipo yalipopata nguvu mawazo ya ulinzi wa eneo, ambapo beki halindi mtu bali analinda kipande cha ardhi na kumpokea yeyote anayeingia humo, kisha humkabidhi kwa jirani yake anapotoka. Mifumo yote ya leo yenye majina na namba, ile ambayo wachambuzi huichora kwa mishale katika televisheni, ni michanganyiko ya fikra hizo mbili: mfuate mtu, au linda mahali. Hutson hakuibuni mifumo hiyo. Aliwafanya wengine waihitaji.

Namba zake zinasomeka kama kosa la uchapaji. Aliongoza ligi kwa idadi ya pasi alizodaka katika misimu 8 kati ya 11. Mwaka 1942, katika mechi 11, alidaka pasi 74 kwa yadi 1,211 na tachidauni 17. Hakuna aliyewahi kufikisha yadi 1,000 za kupokea katika msimu mmoja kabla yake. Mchezaji aliyemfuata mwaka ule alidaka 27. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1941 na tena 1942. Alipostaafu alikuwa na pasi 488, zaidi ya 200 mbele ya mtu wa pili katika historia ya ligi, na tachidauni 99 za kupokea. Rekodi hiyo ya 99 ilidumu hadi mwaka 1989, ilipovunjwa na Steve Largent wa Seattle.

Wala hakuwa mshambuliaji tu. Katika enzi ile watu wale wale walioshambulia ndio waliobaki uwanjani kulinda. Mwanzoni Hutson alipangwa kulinda pembeni, mahali pa kugongana na wanaume wazito, na mwili wake haukufaa. Mwaka 1939 alipatikana mchezaji mwingine wa kubeba mzigo huo, Hutson akarudishwa nyuma kabisa kuwa mlinzi wa mwisho. Hapo mwindwa akawa mwindaji. Mwaka 1940 aliongoza ligi kwa kunasa pasi sita za wapinzani, na kwa jumla alinasa 30. Haishangazi. Ni nani angezisoma njia za wapokeaji kumshinda aliyezichora? Juu ya hayo, ndiye aliyepiga mateke ya pointi ya ziada. Tarehe 7 Oktoba 1945, dhidi ya Detroit Lions, alifunga tachidauni nne na kupiga mateke matano katika robo ya pili peke yake: pointi 29 katika dakika 15.

Packers walitwaa ubingwa naye mara tatu, mwaka 1936, 1939 na 1944. Ubingwa wa tatu ndio unaonifurahisha zaidi, ingawa hauhusu pasi yoyote aliyoidaka. Fainali ilichezwa New York tarehe 17 Desemba 1944 dhidi ya Giants. Hutson alikuwa na miaka 31, na Giants walikuwa wamejiandaa kwa ajili yake. Katika jaribio lililoamua mechi alikimbia njia yake kama kawaida, walinzi wakamkimbilia, na upande wa pili Ted Fritsch akabaki peke yake. Irv Comp akamrushia mpira, yadi 28, tachidauni. Packers walishinda 14-7. Hutson alikuwa chambo siku ile. Miaka tisa kabla, McNally alikuwa chambo naye Hutson akafunga. Sasa zamu zilikuwa zimebadilishana.

Kuna hoja dhidi ya rekodi hizi, na ni ya haki kuipima. Misimu yake mikubwa zaidi, 1942 hadi 1945, ilikuwa ya Vita Kuu ya Pili. Mamia ya wachezaji walikuwa jeshini, timu ziliokotezwa kwa wazee na vijana wasiokomaa, na Hutson, aliyekuwa baba wa watoto, hakuitwa. Ni kweli kwamba mabeki wa 1943 hawakuwa wale wa 1938. Lakini mtu huyu alikuwa ameongoza ligi mwaka 1936, 1937 na 1939, Wamarekani wote wakiwa bado nyumbani. Hoja ya vita hupunguza tarakimu, haimpunguzi mchezaji.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na kwa muda mrefu haikutajwa. Katika miaka ya mwanzo ya ligi kulikuwa na wachezaji weusi wachache. Wawili wa mwisho, Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh, walicheza mwaka 1933. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakukuwa na yeyote. Hakuna kanuni iliyoandikwa, wamiliki walielewana tu. Kenny Washington na Woody Strode waliposajiliwa na Los Angeles Rams mwaka 1946, Hutson alikuwa ameshatundika viatu. Aliingia mwaka mmoja baada ya mlango kufungwa, akatoka mwaka mmoja kabla haujafunguliwa.

Maana yake ni kwamba vijana weusi wenye mbio waliokua wakati mmoja naye, wa Pine Bluff na kwingineko, hawakupewa nafasi ya kumkaba, wala ya kukabwa. Hatuwezi kujua wangempunguzia nini. Si yeye aliyeweka katazo hilo, na sitambebesha mzigo wa wamiliki. Lakini anayemwita bora kuliko wote wa zama zake anapaswa kuongeza kwamba zama zenyewe zilichujwa. Chuo chake cha Alabama hakikumpa mchezaji mweusi nafasi ya ufadhili hadi karibu na 1970. Na Packers yenyewe ilipomweka uwanjani mchezaji wake wa kwanza mweusi, mwaka 1950, alikuwa Bob Mann. Mann alikuwa mpokeaji, na mwaka uliotangulia, akiwa na Detroit, alikuwa ameongoza ligi nzima kwa yadi za kupokea. Yaani kazi ya Hutson, katika mji wa Hutson, ilikuja kufanywa na mtu ambaye miaka mitano kabla asingeruhusiwa kuvaa jezi.

Hapa kwetu tusijifanye wageni wa habari hiyo. Mpira wa umbo la yai ulifika Jinja na maofisa wa Kiingereza, katika siku ambazo vilabu vya michezo viligawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Mmoja wa Waafrika wachache waliopenya katika raga ya Jinja alipitia mlango wa jeshi: Idi Amin, askari wa King's African Rifles, bondia, aliyeichezea klabu ya Nile. Mengine aliyoyafanya baadaye yanajulikana katika kila nyumba ya Uganda. Mwezi Septemba 1972 askari wake walimkamata Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, katika jengo la Mahakama Kuu, na hakuonekana tena. Mjukuu wa Kiwanuka, Mathias, alizaliwa Marekani na mwaka 2006 alichaguliwa na New York Giants, timu ile ile iliyodanganywa na chambo cha Hutson. Alicheza katika ulinzi, kazi yake kubwa ikiwa kumfikia mrushaji kabla wapokeaji hawajamaliza njia zao. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 6 Februari 2012, kwa saa za Uganda, alikuwa uwanjani Giants walipoifunga New England 21-17 na kutwaa Super Bowl.

Turudi kwa Hutson. Alitangaza kustaafu zaidi ya mara moja kabla ya kustaafu kweli, na kila mara Lambeau alimshawishi arudi kwa msimu mmoja tu. Mwishoni mwa 1945 hakushawishika tena, ingawa alibaki na timu kwa muda kama kocha msaidizi. Maisha yaliyofuata yalikuwa ya utulivu kuliko wengi walivyotarajia. Alifanya biashara, kwanza Green Bay, kisha mji wa Racine katika jimbo hilo hilo, ambako alijulikana kwa kuuza magari. Hakugeuka mzee wa kukaa vijiweni akiwasema vijana.

Heshima zilimfuata bila kuzitafuta. Mwaka 1951 Packers iliiondoa jezi namba 14 katika matumizi, ya kwanza katika historia ya klabu. Mwaka 1963, Jumba la Mashujaa wa mchezo huo lilipofunguliwa huko Canton, Ohio, alikuwa miongoni mwa watu 17 wa kwanza kuingizwa. Mwaka 1994 Packers ilifungua ukumbi mkubwa wa mazoezi wenye paa, ili wachezaji waepuke theluji ya Wisconsin, na ukapewa jina lake.

Alifariki tarehe 26 Juni 1997 huko Rancho Mirage, California, akiwa na umri wa miaka 84. Tachidauni zake 99 zimeshapitwa na wengi, kwa kuwa misimu imekuwa mirefu na kila timu sasa hurusha. Zile pointi 29 za robo moja, za Oktoba 1945, bado hakuna aliyezifikia.